Kipato cha kaya na unene uliokithiri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Kila panapotajwa kalori, maana yake ni kilokalori, zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, wanene ni matajiri au maskini?

Inategemea ni nchi gani, na kama unauliza kuhusu wanawake au wanaume. Katika nchi zenye kipato cha chini, unene uliokithiri huonekana zaidi kwenye kaya zenye uwezo. Katika nchi tajiri huwaelemea zaidi wenye kipato kidogo, hasa wanawake. Nchi za katikati zimo njiani: kwa wanawake mwelekeo unakuwa umeshageuka, huku kwa wanaume bado haueleweki vizuri.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1989 watafiti Sobal na Stunkard walipitia tafiti 144 wakaliona. Mwaka 2007 McLaren alipitia nyingine 333 na picha kubwa ikabaki ileile. Kwa hiyo anayesema "umaskini hunenepesha", au "unene ni ugonjwa wa wenye nazo", bila kutaja nchi wala jinsia, amekupa nusu ya jibu.

2. Unene uliokithiri unapimwaje?

Kwa watu wazima hutumika BMI: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 anapata 1.60 × 1.60 = 2.56. Akiwa na kilo 64, BMI yake ni 25, na hapo ndipo uzito uliozidi unapoanzia. Akifika kilo 77 amevuka 30, ambao ni mpaka wa unene uliokithiri. Kwa watu wa asili ya Asia, madhara huanza kwenye uzito mdogo zaidi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kwa ajili yao alama za tahadhari za 23 na 27.5.

BMI haijui mafuta yamekaa wapi, wala haitofautishi mafuta na misuli. Mbeba mizigo mwenye misuli anaweza kupata 28 bila shida yoyote. Ongeza kipimo cha kiuno: zungusha futikamba katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, kisha soma. Hatari huongezeka mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume akizidi 94, na huongezeka sana wakizidi 88 na 102. Kosa linalorudiwa kila siku ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya tumbo. Pale utapata namba nzuri isiyo ya kweli.

Watoto wana utaratibu wao. Tazama swali la 11.

3. Na kipato cha kaya kinahesabiwaje? Si kujumlisha mishahara tu?

Kujumlisha ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kurekebisha kwa ukubwa wa kaya, kwa sababu watu watano hawahitaji majiko matano. Kipimo kinachotumika sana humhesabu mtu mzima wa kwanza kama 1, kila mwingine wa miaka 14 na zaidi kama 0.5, na kila mtoto wa chini ya hapo kama 0.3. Wazazi wawili wenye watoto watatu wadogo wanakuwa 1 + 0.5 + 0.9 = 2.4. Wakiingiza 960 kwa mwezi, kipato chao linganifu ni 400, sawa na mtu anayeishi peke yake na kuingiza 400.

Pale ambapo watu wengi wanaishi kwa kilimo au biashara ndogo, mapato hayana hati. Watafiti huhesabu matumizi, au mali: sakafu, paa, chanzo cha maji, chombo cha usafiri. Mali huonyesha miaka mingi iliyopita na mapato huonyesha mwezi huu. Tafiti mbili zinapopingana, mara nyingi tofauti imejificha hapa.

## Kwa nini jibu hubadilika

4. Kwa nini uhusiano hugeuka nchi inapotajirika?

Kwa sababu kile ambacho fedha inanunua kinabadilika.

Nchi ikiwa maskini, kalori za ziada ni za kununua, na wengi hawana za kununulia. Kazi ni za misuli, safari ni za miguu. Anayepata fedha kidogo hununua kwanza mafuta, sukari na nyama, kisha kazi ya kukaa, kisha chombo cha usafiri. Uzito unapanda pamoja na kipato. Mwili mkubwa nao husomwa kama dalili ya mambo kumnyookea mtu, hivyo hakuna anayeuonea aibu.

Uchumi ukikua, mafuta, sukari na unga mweupe vinageuka kuwa vitu rahisi kuliko vyote dukani. Mashine zinachukua kazi za nguvu hata kwa mwenye mshahara mdogo. Sasa kalori zinapatikana kwa kila mtu, na fedha inaanza kununua vitu vya kujikinga nazo: mboga na matunda, muda wa kupika, mtaa ambao mtu anaweza kutembea jioni bila hofu, daktari wa kumwambia mapema. Wenye nacho wanajikinga kwanza.

Mwaka 2004 mtafiti Monteiro na wenzake walikadiria kwamba kwa wanawake, mzigo huanza kuhamia kwa maskini pato la taifa kwa kila mtu linapofika karibu dola 2,500 za wakati ule. Kiwango hicho si kikubwa. Nchi inaweza kuwa bado inapambana na utapiamlo huku unene ukiwa tayari umeshuka ngazi za kipato.

Wala usidhani ni jambo la mijini pekee. Zaidi ya asilimia 55 ya ongezeko la BMI duniani kati ya 1985 na 2017 ilitokana na kupanda kwa uzito vijijini.

5. Kwa nini wanawake na wanaume hawafanani?

Takwimu za Marekani za 2011 hadi 2014 zinaonyesha wazi. Kwa wanawake wa kipato cha chini, asilimia 45.2 walikuwa na unene uliokithiri. Kwa wa kipato cha juu, 29.7. Kwa wanaume namba zilikuwa 31.5 chini, 38.5 katikati na 32.6 juu. Kwa mwanamume, basi, maskini na tajiri walilingana, na aliyenenepa zaidi ni wa katikati.

Sababu mojawapo ni kazi: wanaume wa kipato kidogo bado hufanya kazi nyingi za nguvu, ilhali kazi za wanawake wa ngazi hiyo mara nyingi ni za kusimama au kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi. Ya pili ni kwamba chakula kikipungua nyumbani, mama ndiye huanza kujinyima, na kujinyima kwa vipindi kuna matokeo yake (swali la 10). Ya tatu ni kwamba soko la ajira humwadhibu mwanamke mnene kuliko mwanamume mnene (swali la 8).

6. Basi katika nchi tajiri, wengi wenye unene ni maskini?

Hapana, na hili huwachanganya hata waandishi wa habari. Uwezekano mkubwa ndani ya kundi fulani si sawa na kundi hilo kuwa wengi. Marekani mwaka 2005 hadi 2008, kati ya watu wazima wote wenye unene uliokithiri, asilimia 41 walitoka kwenye kundi la juu la kipato, 39 la katikati, na 20 tu la chini. Kundi la chini lina watu wachache, kwa hiyo hata likiwa na asilimia kubwa, idadi yake ni ndogo. Mpango wa afya unaowalenga maskini peke yao utakuwa umewaacha nje wengi wa wahusika.

## Njia ambazo kipato hupitia

7. Ni kweli chakula kinachonenepesha ndicho rahisi?

Ukihesabu bei ya kalori, ndiyo. Gramu 100 za mafuta ya kupikia zina kalori 884, sukari karibu 390, maharage makavu karibu 340, nyanya 18. Hata nyanya zikiuzwa nusu ya bei ya mafuta kwa kilo, kalori moja ya nyanya bado ni ghali zaidi ya mara 20. Mtu asiyejua jioni atakula nini hanunui vitamini, ananunua shibe.

Hesabu yenyewe ni rahisi: bei ya kilo, gawanya kwa kalori zilizomo kwenye kilo hiyo, zidisha kwa 1,000. Ifanye kwa vitu kumi unavyonunua mara nyingi. Ukibadilisha kipimo ukaangalia bei ya sahani badala ya kalori, mboga huonekana nafuu kuliko ulivyodhani, na ndiyo maana wataalamu wanabishana. Maharage, dengu na kunde hushinda kwa vipimo vyote viwili.

Kuna jambo la pili: kiwango cha usindikaji. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake Marekani waliwaweka watu 20 kituoni, wiki mbili kwa vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili kwa visivyosindikwa. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliachwa ale atakavyo. Kwa vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Viambato vya vyakula hivyo viligharimu dola 106 kwa wiki, dhidi ya 151 kwa visivyosindikwa. Kinachomfanya mtu ale zaidi ndicho kilichokuwa rahisi.

8. Au unene ndio unaoleta umaskini?

Njia hiyo ipo. Mchumi John Cawley alionyesha mwaka 2004 kwamba kwa wanawake weupe wa Marekani, tofauti ya karibu kilo 29 iliendana na mshahara pungufu kwa asilimia 9. Kwa makundi mengine matokeo hayakuwa thabiti kiasi hicho. Ongeza gharama za matibabu na siku za kukosa kazi, utaona mshale unakwenda pande zote mbili. Utafiti wa siku moja, uliopima kipato na uzito kwa pamoja, hauwezi kukuambia kipi kilianza.

9. Msongo wa mawazo na usingizi vinahusika?

Vinahusika, ila kwa kiasi kidogo kuliko chakula chenyewe. Kulala saa chache huongeza njaa na kula usiku, na kazi za zamu pamoja na vyumba vyenye watu wengi ni vya kawaida kwa wenye kipato kidogo. Usimwambie mlinzi wa usiku "lala zaidi". Msaidie kupanga mlo mmoja kamili kabla ya zamu, ili asitegemee vitafunwa vya saa tisa usiku.

10. Inawezekanaje njaa na unene vikae nyumba moja?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni mzunguko wa fedha: zikiingia, watu hula sana, zikiisha, hujinyima. Anayejua njaa inarudi hula ili kuweka akiba mwilini, na vyakula anavyoweza kuvinunua ni vile vya swali la 7. Ya pili ni mwili uliojengwa kwenye upungufu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mama mfupi mwenye uzito mkubwa, huku mwanawe naye akidumaa kwa kukosa protini na madini, si kwa kukosa kalori.

Ushahidi unaanzia hata tumboni. Vijana wa kiume wa Uholanzi ambao mama zao walipitia njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene zaidi wakiwa na miaka 19. Waliokumbwa na njaa hiyo mwishoni mwa ujauzito walikuwa na unene pungufu.

11. Kwa watoto mambo ni yaleyale?

Mwelekeo ni uleule na katika nchi tajiri pengo ni kubwa. Nchini England, watoto wa maeneo yenye ufukara mkubwa wana unene uliokithiri mara mbili au zaidi ya wa maeneo yenye nafuu, na pengo lipo tangu wanapoanza shule.

Usitumie mipaka ya 25 na 30 kwa mtoto. Kati ya miaka 5 na 19, BMI yake huwekwa kwenye chati ya umri na jinsia: juu ya mstari wa +1 (hatua moja ya kitakwimu juu ya mstari wa katikati) ni uzito uliozidi, juu ya +2 ni unene uliokithiri. Chini ya miaka 5 hutumika uzito kwa urefu, na mistari ni +2 na +3. Kukosea mwezi wa kuzaliwa kunatosha kumhamisha mtoto kundi.

## Kipato kikibadilika

12. Nikiongezewa kipato, nitapungua?

Usitegemee. Tangu 1996 jamii ya Cherokee wa mashariki, Marekani, imekuwa ikigawana faida ya kasino yake. Vijana waliotoka kaya maskini waliongezeka BMI kuliko waliotoka kaya zenye nafuu. Fedha zilikuwa zilezile ila mahali pa kuanzia palitofautiana. Mexico nako, kaya zilizopokea ruzuku kubwa zaidi ya fedha zilikuwa na watu wazima wenye BMI ya juu, ingawa ruzuku hiyohiyo iliwafaa watoto.

Kubadilisha mahali kumeonyesha zaidi. Kati ya 1994 na 1998, familia maskini katika miji mitano ya Marekani ziliingizwa kwenye bahati nasibu ya hati za kupangia nyumba katika mitaa yenye umaskini mdogo. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mapato ya waliopata hati hayakuwa yameongezeka kwa maana yoyote, lakini wanawake wenye BMI ya 35 na zaidi walikuwa pungufu kwa pointi 4.6 za asilimia, na sukari ya damu ilikuwa nafuu. Kwenye mpaka wa 30 tofauti haikuonekana. Mtaa uligusa unene mkubwa zaidi, ule wenye madhara.

13. Kipato kikiporomoka?

Kuba, katika mgogoro wa uchumi wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walitembea na kuendesha baiskeli kwa kukosa mafuta ya magari, chakula kikapungua, na uzito ukashuka kwa wastani wa kilo 5.5. Vifo vya kisukari na moyo vilipungua baadaye. Wanaousifu mfano huu husahau kwamba watu zaidi ya 50,000 walipata ugonjwa wa neva za macho na viungo, na kwamba uzito ulirudi uchumi ulipopona.

14. Je, si elimu zaidi kuliko kipato?

Vinakwenda pamoja, na kuvitenganisha ni kazi ngumu. Katika takwimu zilezile za swali la 5, waliomaliza chuo kikuu walikuwa na unene kwa asilimia 27.8, dhidi ya 40 kwa walioishia sekondari au chini yake. Pengo hilo ni kubwa kuliko la kipato kwa watu wazima wote, lililokuwa 31.2 dhidi ya 39.0.

## Vitendo

15. Kaya yenye bajeti finyu ianzie wapi?

Ianzie kwenye chupa ya mafuta, kwa sababu hapo kuna kupungua uzito na kuokoa fedha kwa pamoja. Lita moja ina karibu kalori 8,100. Kaya ya watu watano ikiimaliza kwa siku 4, kila mmoja anapata kalori 405 kwa siku kutoka mafutani tu. Ikidumu siku 7, ni 231. Punguzo la 174 linaonekana dogo, lakini kwa makadirio ya Hall, kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa kudumu huishia kuwa kilo moja: karibu nusu mwaka wa kwanza, na karibu zote ndani ya miaka mitatu. Hiyo ni kilo 7 hivi kwa mtu mzima, mradi asizifidie kwingine. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua, na pima kwa kijiko (kijiko kikubwa kina kalori 120) badala ya kumimina. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipunguziwe mafuta, anayahitaji kukua.

Kisha vinywaji. Soda ya mililita 330 ina karibu gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana 25. Sukari ya kwenye chai imo kwenye hesabu hiyo.

Maharage huachwa kwa sababu ya gharama ya nishati ya kupikia. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha sufuria kubwa mara moja kwa siku mbili au tatu, hifadhi penye baridi. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 mwanzoni. Yakipikwa kwa moto mdogo tu, sumu yake ya asili haifi na mtu hutapika.

Mwisho, fedha zikiingia, nunua vyakula vikavu vya mwezi mzima kabla ya kitu kingine. Hii inavunja mzunguko wa swali la 10 kuliko ushauri wowote wa kujizuia.

16. Kodi ya vinywaji vyenye sukari haiwaonei maskini?

Wanailipa kwa sehemu kubwa zaidi ya kipato chao, hilo ni kweli. Lakini wao pia ndio hupunguza zaidi. Mexico ilianza kutoza peso 1 kwa lita Januari 2014. Mwaka wa kwanza ununuzi ulishuka kwa wastani wa asilimia 6, na kwa kaya za chini asilimia 9. Kodi hii inafaa pale maji safi ya kunywa yanapopatikana kwa urahisi. Yasipopatikana, mtu analipa zaidi kwa kinywaji kilekile.

17. Dawa mpya za sindano za kupunguza uzito zitafuta tofauti za kipato?

Kwa sasa zinaweza kuziongeza. Semaglutide, mojawapo ya dawa hizo, ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 14.9 katika wiki 68, lakini waliositisha walirudisha karibu theluthi mbili ya kilo hizo ndani ya mwaka mmoja. Ni dawa ya kutumia kwa miaka. Kabla ya sindano ya kwanza, muulize daktari mambo matatu: bei ya dozi kamili (siyo ya kuanzia, ambayo ni ndogo), bima inalipia hadi lini, na mpango ni upi iwapo fedha zitakatika katikati.